Sikukuu za Serikali na Makaburi Yetu

Wapo wanaouliza: 30 Juni tunasherehekea nini? Uhuru wa 1960 ni neema, tumshukuru Allah. Lakini swali lao lina sababu. Zamani za Mobutu sikukuu ilikuwa 24 Novemba, siku aliyotwaa madaraka mwaka 1965. Alipoondoka, nayo ikaondoka. Ikaja 17 Mei, siku AFDL walipoingia Kinshasa mwaka 1997. Kila mtawala na siku yake! Ama tarehe 4 na 5 Novemba 2008, watu wasiopungua 150 waliuawa hapa kwetu Kiwanja, na kalenda ya serikali haizitaji tarehe hizo. Basi jirani akisita kwenda kwenye defile, tusimwite mchukia nchi. Huenda alizika Novemba ile.