Kurithi Kiti na Kukabidhi Kiti



Hapa Singe mzee akifariki, matanga yakiisha wazee wa ukoo hukaa kikao. Kabla ya kugawa shamba na ng'ombe huuliza: marehemu alidaiwa na nani? Maana arithiye mali hurithi na madeni. Leo tumtazame mtu aliyerithi nchi nzima, Joseph Kabila wa Kongo.

1. Baba
Laurent-Désiré Kabila alimwangusha Mobutu mwezi Mei 1997. Watu walishangilia. Lakini naye alizuia shughuli za vyama vya siasa, akatawala kwa amri bila uchaguzi. Januari 16, 2001 alipigwa risasi na mlinzi wake.

2. Mwana
Siku kumi baadaye Joseph aliapishwa kuwa Rais, akiwa na umri wa miaka 29. Hakuna raia aliyempigia kura. Alikulia na kusoma kwetu Tanzania, na Kiswahili alikijua kuliko Kifaransa. Pamoja na kiti alirithi deni kubwa: vita iliyoanza mwaka 1998, iliyoingiza majeshi ya nchi kadhaa.

Tumpe haki yake. Mlango wa mazungumzo ambao baba aliufunga, mwana aliufungua. Mwaka 2003 aliunda serikali pamoja na waliokuwa wakipigana naye. Mwaka 2006 alitia sahihi Katiba mpya, akashinda uchaguzi. Katiba hiyo ilimpa Rais vipindi viwili tu vya miaka mitano, na kifungu cha 220 kilikataza kubadili idadi hiyo.

3. Mtihani
Kipindi cha pili kiliisha Desemba 2016. Uchaguzi haukufanyika, naye hakuondoka. Watu waliandamana, na wengine waliuawa. Alimkabidhi Félix Tshisekedi Januari 2019, baada ya uchaguzi ambao matokeo yake wengi waliyatilia shaka. Hata hivyo, Kongo haikuwa imewahi kuona Rais akimpisha mwenzake kwa amani. Septemba 2025 mahakama ya kijeshi ya Kinshasa ilimhukumu kifo kwa uhaini, yeye mwenyewe asiwepo.

4. Tunajifunza nini?
Kupokea kiti hakukumshinda. Kilichomlemea ni kutii kwa wakati wake sheria aliyoitia sahihi mwenyewe. Mwalimu Nyerere aling'atuka mwaka 1985, na kiti hakikwenda kwa mwanawe.

Tusiwacheke wakubwa. Sisi wenyewe tulipostaafu chuoni, ilituchukua majuma kadhaa kurudisha ufunguo wa kabati moja la vitabu. Tulijiambia kwamba vijana hawatayatunza. Kumbe tulizoea kuombwa.

Maswali ya kujadiliana
(a) Joseph alilipa madeni gani ya baba yake, naye akaacha yapi?
(b) Katika kikundi chako, ni nani anayeshika daftari la fedha, na atalikabidhi lini?
(c) Je, wewe unashika ufunguo gani ambao wakati wake umekwisha?