Mguso wa Pili

Somo: Marko 8:22–26. Soma pia Marko 8:14–18 na 8:27–33.

Leo tuangalie muujiza ambao wengi wetu huupita haraka. Huko Bethsaida watu walimletea Yesu kipofu. Yesu akamshika mkono, akamtoa nje ya kijiji, akamtemea mate machoni na kumwekea mikono, kisha akamwuliza kama anaona chochote. Yule mtu akasema ukweli: watu anawaona, lakini wanafanana na miti, ila wanatembea. Ndipo Yesu akamgusa tena, naye akaona kila kitu sawasawa.

Je, nguvu za Yesu zilipungua mara ya kwanza? Hapana. Bartimayo alipona kwa neno tu. Hapa Bwana alikuwa anafundisha. Angalia mahali Marko alipoiweka habari hii. Kabla yake, wanafunzi wako ndani ya mashua wakisumbuka juu ya mikate, na Yesu anawauliza kama wana macho lakini hawaoni. Baada yake, Petro anakiri kwamba Yesu ndiye Kristo, halafu papo hapo anamkemea kwa sababu ametaja mateso na kifo. Petro alikuwa ameona, lakini nusu. Kristo alimwona, msalaba hakuuona. Alihitaji mguso wa pili.

Na kuona nusu kunaweza kuwa hatari kuliko giza. Kipofu hutafuta mkono wa kushika. Anayeona nusu hujiamini, akaanza kukimbia.

Niwape ushuhuda wangu, na mwenyewe ameniruhusu niuseme. Kulikuwa na ndugu hapa kanisani aliyekuwa akitoka kabla ibada haijaisha, kila Jumapili. Nikahesabu wiki. Moyoni nikasema, huyu anakimbia sadaka, amepoa. Siku moja nikahubiri juu ya Wakristo wa kutoka mapema, macho yangu yakiwa kwenye kiti chake. Watu wakasema amina. Yeye akainama. Wiki sita hatukumwona tena.

Nilipomtembelea nyumbani ndipo nikajua. Kaka yake mkubwa alikuwa amelazwa baada ya kupigwa na kiharusi, mikono haiwezi kuinua kijiko. Saa ya kuona wagonjwa ilikuwa saa saba mchana. Ndugu huyu alikuwa anatoka kwenda kumlisha. Aliniambia neno moja tu: "Pasta, ungeniuliza." Wapendwa, nilikuwa nimemwona akitoka, hilo lilikuwa kweli. Lakini nilikuwa nimeona mti, sikuona mtu. Jumapili iliyofuata nilimwomba msamaha mbele ya kanisa, maana nilikuwa nimemwumiza mbele ya kanisa.

Tujifunze mambo matatu.

1. Kubali kwamba hujaona yote. Yule mtu wa Bethsaida angeweza kusema, "Asante Bwana, naona," akaenda zake na ukungu machoni. Hakujifanya. Paulo, pamoja na mafunuo yote aliyopewa, alisema katika 1 Wakorintho 13:12 kwamba kwa sasa tunaona kama kwenye kioo. Vioo vya siku zile kwa kawaida vilikuwa vya shaba iliyong'arishwa. Sura unaiona, lakini si wazi. Kama Paulo alikubali hivyo, mimi na wewe ni nani?

2. Usiongeze taa zako. Madereva wanaopita Kimende usiku wanajua ukungu. Ukiwasha taa kali ukidhani utaona mbali, mwanga unagonga ukungu na kukurudia machoni. Dereva mzoefu hushusha taa, hupunguza mwendo, hufuata mstari wa barabara. Ndivyo ilivyo ukipoteza kazi, au nyumba ikiwa na mgonjwa, na maombi yanaonekana hayajibiwi. Akili inataka kueleza kila kitu: nimelogwa, Mungu amenisahau, fulani ndiye ananizuia. Mithali 3:5–6 inatuonya tusiegemee akili zetu. Fuata mstari ulio mbele yako: Neno la leo, ombi la leo, utii wa leo. Kutoona kwako mbele hakumaanishi barabara imekwisha.

3. Baki karibu na mkono wake. Kati ya mguso wa kwanza na wa pili, yule mtu hakuondoka. Yesu hakumkemea kwa kuona vibaya, alimgusa tena. Petro naye alikemewa vikali, lakini hakufukuzwa. Tunapokaa mbele za Bwana katika maombi, katika Neno na katikati ya ndugu wanaoweza kutuambia "hapo hujaona vizuri," macho yanaendelea kufunguka.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

Je, kuna mtu ambaye umeshamhukumu na hujawahi kumwuliza? Utamwendea lini wiki hii?

Ni jambo gani maishani mwako ambalo umelitolea maelezo, na bado hujalipeleka kwa Bwana?

Tuombe

Baba, tunakiri kwamba tunaona nusu. Utusamehe pale tulipoumiza watu kwa yale tuliyodhani tumeyaona. Utuguse tena, na hadi tutakapoona vizuri, usiachilie mkono wetu. Katika jina la Yesu, amina.