Somo la Kumi na Mbili: Kuandika Kila Siku

Ndugu msomaji, sasa unajua kusoma na kuandika. Ukitakiwa kutia sahihi, hutumii tena dole gumba. Hilo ni jambo kubwa. Lakini jibu swali hili: Tangu juzi umeandika nini?

Watu wengi waliofaulu kisomo husahau baada ya mwaka mmoja au miwili. Akili zao si mbovu. Hawakuandika tu. Mkono usioandika huwa mzito, na herufi hupotea moja moja. Halafu mtu mzima anamtafuta mtoto wa jirani amwandikie barua, na siri za nyumba yake zinatoka nje.

Labda utasema, "Mimi ni mkulima. Wanaoandika sana ni watu wenye nafasi." Basi tumtazame mtu mmoja aliyeandika sana.

Shaaban Robert alizaliwa mwaka 1909 katika kijiji cha Vibambani, karibu na Tanga. Alifariki mwaka 1962. Aliandika vitabu zaidi ya 20 vya mashairi, hadithi na insha. Huenda umesikia habari za Kusadikika au Adili na Nduguze. Je, alikuwa na nafasi nyingi? Hapana. Alikuwa karani wa serikali. Tangu mwaka 1926 hadi 1944 alifanya kazi katika idara ya forodha, na baadaye katika ofisi nyingine. Alikuwa na kazi ya mshahara na jamaa wa kulisha. Wakati wa kuandika ilimbidi autafute.

Alitunga utenzi mrefu juu ya Vita Kuu ya Pili, vita vya mwaka 1939 hadi 1945. Unaitwa Utenzi wa Vita vya Uhuru. Una beti kama 3,000. Mtu akisikia hesabu hiyo anaogopa. Lakini ubeti wa utenzi una mistari minne mifupi tu. Mtu akitunga beti 3 kila siku, kwa mwezi mmoja atapata beti 90. Kwa mwaka atapata beti 1,095. Kwa miaka mitatu atapata 3,285. Hatusemi kwamba Shaaban Robert alijipimia hivyo. Tunasema kwamba beti 3 ni mistari 12, na maharage huchukua muda mrefu kuiva.

Tena aliandika barua. Alimwandikia mdogo wake, Yusuf Ulenge, kwa miaka mingi. Barua za tangu mwaka 1931 hadi 1958 zilitunzwa, na mwaka 2002 zikachapishwa kuwa kitabu. Kwa hiyo usidharau barua unayomwandikia ndugu yako.

Sasa tuje kwako. Usiseme, "Nitaandika nikipata nafasi." Nafasi haiji yenyewe. Chagua wakati mmoja, uufunge pamoja na jambo unalofanya kila siku. Mwingine ataandika usiku baada ya kula. Mama mwenye watoto wadogo labda ataandika alfajiri, maji ya uji yakiwa motoni. Mwingine ataandika mchana, jua linapokuwa kali na watu wamepumzika chini ya mwembe. Wakati wowote unafaa, mradi uwe ule ule.

Daftari likae mahali pamoja, na kalamu iwe ndani yake. Ukianza kutafuta kalamu nyumba nzima, hamu itakwisha kabla hujaiona. Liweke juu, watoto wasilifikie. Karatasi huwasha moto vizuri sana, na wao wanajua.

Anza na mistari mitano. Siku za palizi na mavuno utakuwa umechoka. Siku hizo andika mstari mmoja: "Leo tumevuna magunia manne. Mgongo unauma." Inatosha. Ukikosa siku moja, usijaribu kuilipa kwa kurasa kumi. Andika mistari yako mitano siku inayofuata. Hapa ndipo wengi huacha: wanakosa siku mbili, wanaona haya, daftari linafungwa.

Uandike nini? Andika tarehe kwanza. Kisha andika yaliyopita mkononi mwako. Mvua ilinyesha lini? Pamba yako ilikuwa kilo ngapi, na ulilipwa kiasi gani? Nani amekopa debe la mahindi, na atarudisha lini? Tuseme mwenye mizani anasema ulileta kilo 80, na daftari lako linasema 94, kwa tarehe na saa. Siku hiyo hutabishana kwa kelele. Utafungua ukurasa.

Lakini usikae katika hesabu peke yake. Kijijini kwenu yuko mzee anayejua nani walihamia hapo kwanza, mpaka wa mashamba ulipita wapi, na mti gani hutibu nini. Yuko bibi mwenye hadithi ambazo hazimo katika kitabu chochote. Wakizikwa, habari hizo zinazikwa nao. Keti nao. Andika maneno kama wanavyoyasema, hata kama si Kiswahili cha redioni. Hadithi moja kwa juma, mwisho wa mwaka zitakuwa zaidi ya 50.

Utakosea herufi. Wako walimu wanaotaka mwandiko mzuri kwanza, maneno baadaye. Sisi hatukubaliani nao. Anayefuta kila neno hafiki mwisho wa mstari. Andika leo, sahihisha kesho, na usichane ukurasa.

KAZI YA JUMA HILI

Andika mistari mitano kila siku kwa siku saba. Weka tarehe kila siku. Siku ya nane lete daftari darasani, uwasomee wenzako ukurasa mmoja unaoupenda.

MASWALI

1. Shaaban Robert alikuwa akifanya kazi gani?

2. Mtu akiandika mistari mitano kila siku, ataandika mistari mingapi kwa siku 30?

3. Wewe utaandika saa ngapi? Kwa nini umechagua saa hiyo?

4. Ni mzee gani kijijini kwenu ambaye habari zake hazijaandikwa? Utakwenda kwake siku gani?