Somo la Msimu: Sanduku la Chama na Mkono wa Kutoa



Yeyote aliyepata kuwapo Sirari katika juma la malipo ya kahawa hahitaji kufundishwa jinsi fedha inavyokwenda. Asubuhi mkulima hupokea noti zake. Adhuhuri amekwisha kuzungukwa na wauza nguo, wauza redio na wadai wa zamani. Jioni baadhi ya noti zimevuka mpaka kwenda Isebania zikiwa shilingi za Kenya. Miezi michache baadaye mkulima yule yule hubisha hodi kwa tajiri, akiuza kahawa ambayo ingali maua mtini. Ndugu zetu wa Kagera wana jina la biashara hiyo, huiita butura, nasi wa Mara twaijua hata tusipoipa jina.

Somo hili lahusu fedha kwa jinsi Mkristo apaswavyo kuitazama: kuipata kwa haki, kutosheka nayo, na kuitoa. Chama cha ushirika hakina dini, wala hakipaswi kuwa nayo. Wamo wanachama Waislamu, ambao wanayo mafundisho yao juu ya amana na zaka, na wamo wanaoshika mila za wazee. Lakini wengi wetu katika Tarime na Serengeti husikiliza mahubiri kila Jumapili, au kila Jumamosi kwa Wasabato, na ni vema tujiulize kama yale tunayoitikia kwa amina kanisani yanaingia nasi katika chumba cha mizani.

Tuanze na kutosheka, kwa kuwa neno hili limetumiwa vibaya. Aghalabu huambiwa mkulima anapouliza kwa nini bei imeshuka au kwa nini malipo ya pili yamechelewa: mwambieni ashukuru kwa alichopata. Hivyo sivyo Maandiko yalivyo. Tukisoma Luka, mlango wa tatu, twamkuta Yohana Mbatizaji kando ya Yordani, na waliomwendea kumwuliza la kufanya ni pamoja na watoza ushuru na askari. Wale wa kwanza aliwaagiza wasidai kupita kiwango kilichowekwa. Wale wa pili aliwakataza kuwaonea watu kwa nguvu na kwa uzushi, akawataka watosheke na posho yao. Angalieni sana ni nani aliyeambiwa atosheke. Ni mtu mwenye kipimo, na mwenye silaha. Kwa lugha ya chama, ni mpima mizani, mweka fedha, katibu, mjumbe wa bodi. Sisi tunaoishi penye kituo cha forodha twaweza kuielewa sura hiyo kuliko wengi.

Kwa hiyo katibu anayemhubiria mwanachama habari za kuridhika, huku fedha za mwanachama huyo zimekaa wiki sita bila kulipwa, anahubiri mahali pasipo pake. Ni kweli kwamba mwanachama anayechukua mbolea ya mkopo chamani, kisha akaipitisha kahawa yake usiku kumpelekea mnunuzi wa ng'ambo ya mpaka, anawatwika wenzake deni lake. Hilo ni kosa, nasi hatuna budi kulisema. Walakini chama kinachochelewesha malipo kinamwonyesha njia ya kupita. Wazee wanakumbuka mpaka huu ulipofungwa mwaka 1977, baada ya kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki, hata ulipofunguliwa tena mwaka 1983. Magendo hayakukoma kwa kufuli peke yake.

Mtume Paulo naye alizungumza juu ya kutosheka, tena akiwa kifungoni, alipowaandikia Wafilipi katika mlango wa nne. Mara nyingi twasoma maneno yake ya kuridhika na kuacha yanayofuata, ambamo anawashukuru kwa fedha waliyompelekea. Hapo Paulo anatumia maneno ya kibiashara kabisa: anataja hesabu ya kutoa na kupokea, kisha anakiri kwamba amekwisha kupokea vyote. Wataalamu wa Kiyunani wamelikuta neno lile lile la kukiri mapokezi katika stakabadhi za kale zilizoandikwa juu ya mafunjo na kuchimbuliwa Misri. Yaani mtume, akiwa mfungwa, hakusahau kutoa stakabadhi! Katibu anayeona kitabu cha stakabadhi kuwa ni udhia wa maofisa wa serikali na afikiri habari hiyo.

Sasa tufanye hesabu kidogo. Tuseme mwanachama ameleta kilo 300 za kahawa ya maganda, na tuseme bei ni shilingi 5,000 kwa kilo. Jumla ni shilingi 1,500,000. Anadaiwa pembejeo shilingi 400,000. Zinabaki 1,100,000. Swali ambalo wanachama huniuliza mara kwa mara ni hili: fungu la kumi lihesabiwe juu ya kiasi kipi? Mimi si mchungaji, na kila kanisa lina mafundisho yake. Lakini kama karani wa vitabu nasema zile 400,000 hazikuwa zake hata siku moja. Ni mbolea na dawa aliyokopeshwa kwa dhamana ya wenzake. Mtu hawezi kumtolea Mungu mali ya jirani yake akaita sadaka. Basi na atoe 110,000, na aweke 200,000 akiba kwa ajili ya shamba la msimu ujao. Atabakiwa na 790,000, ambazo kwa miezi kumi ni 79,000 kila mwezi. Si utajiri, ila chumvi, sabuni na daftari za shule zitapatikana. Akitumia 300,000 katika juma la kwanza kwa kuwanywesha marafiki, atabaki na 49,000 kwa mwezi, na kabla miezi kumi haijatimia mtamwona kwa tajiri akiuza maua.

Nimetaja marafiki kwa makusudi. Kwetu mtu mchoyo hana heshima, na hiyo ni sifa njema ya nchi yetu. Shida ni kwamba ukarimu wa juma la malipo huwafikia wanaokaa karibu na kaunta ya baa, na ni nadra kumfikia jirani aliyelala na homa.

Nami sina budi kueleza ukarimu wangu mwenyewe ulivyoniponza. Miaka mingi iliyopita nilikuwa katibu wa chama kimoja cha msingi ambacho sitakitaja. Ilikuwa siku chache kabla ya malipo, na fedha zilikuwa zimekwisha kuletwa, zimo sandukuni. Usiku mwanachama mmoja alinijia akilia. Amefiwa na mtoto, hana fedha ya gari la kumleta kutoka hospitali. Nilifungua sanduku nikampa shilingi 40,000. Sikuandika hati, maana niliona ni aibu kumwandikisha mtu aliye msibani. Habari zikaenea kwamba katibu ana moyo. Kesho yake akaja mwingine mwenye mgonjwa, na keshokutwa wa tatu, ambaye tatizo lake sikulielewa vizuri, lakini ningewezaje kumkatalia baada ya kuwapa wale wawili? Siku ya malipo zilipungua shilingi 115,000.

Waliokuwa mbele ya foleni walilipwa. Waliokuwa nyuma niliwaambia warudi. Miongoni mwao alikuwamo mama mmoja mjane, aliyekuwa ameleta magunia mawili tu. Alikaa chini ya mti nje ya ofisi, stakabadhi yake ameifunga katika pindo la kanga, hata jua likachwa. Hakunilaumu. Aliniuliza tu kama makosa ni yake, kama pengine karatasi yake haikuandikwa vema. Niliuza mitamba wawili kuzirudisha fedha hizo, na wale watatu niliowakopesha mmoja tu ndiye aliyelipa. Halmashauri ilinionya kwa barua, nami nilistahili zaidi ya barua.

Tangu siku hiyo siwezi kusoma habari za mjane na senti zake mbili katika Marko, mlango wa kumi na mbili, kama nilivyozisoma zamani. Wahubiri huanza na mjane akitia sadaka yake hekaluni. Rudini nyuma mistari michache. Kabla tu ya kumsifu mjane huyo, Yesu alikuwa akiwaonya watu juu ya waandishi wanaokula nyumba za wajane. Waandishi! Nami nilikuwa mwandishi, sikula hata senti moja, na bado mjane alikaa chini ya mti. Nilikuwa nimewapa wengine fedha yake, nikapokea sifa zilizokuwa haki yake yeye.

Basi ni nini la kufanya mtu anapofika usiku akilia? Tusidhani jibu ni kufunga mlango. Jibu ni kupanga mapema. Mkutano mkuu una uwezo wa kuanzisha mfuko wa maafa, kutenga sehemu ya ziada ya mwaka baada ya akiba zinazotakiwa na sheria, kuweka kiwango cha rambirambi kijulikane na wote, na kuwataja watakaotia saini. Hapo aliyefiwa hapokei hisani ya katibu. Anapokea haki yake kutoka kwa wenzake, na hati yaandikwa bila aibu. Shirikisho la Kimataifa la Vyama vya Ushirika, katika mkutano wake wa Manchester mwaka 1995, liliweka kujali jamii kuwa kanuni ya saba ya ushirika. Kanuni hiyo haikumpa mtu yeyote ufunguo wa sanduku kwa faragha.

Paulo aliyajua haya. Alipokuwa akichanga fedha kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, hakuzibeba peke yake. Katika Wakorintho wa Pili, mlango wa nane, aeleza kwamba pamoja na Tito anakwenda ndugu aliyechaguliwa na makanisa, ili asipatikane mtu wa kuwalaumu kwa ajili ya mchango huo mkubwa. Na katika Wafalme wa Pili, mlango wa kumi na mbili, lile kasha la matengenezo ya hekalu lilipojaa, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu waliihesabu fedha pamoja. Kuhani mkuu mwenyewe hakuachwa na kasha peke yake. Mkaguzi anapokuja kufungua vitabu, katibu asiseme kwamba hatumwamini; kuhesabiwa na wawili ni desturi ya kale kuliko ofisi zetu zote. Wakurya wanayo ritongo yao, ambako jambo la wote husemwa mbele ya wote.

Mtu mwingine afaaye kutajwa katika somo hili ni Friedrich Wilhelm Raiffeisen wa Ujerumani, aliyeishi kati ya 1818 na 1888. Alikuwa mkuu wa vijiji, Mkristo mwenye bidii. Katika njaa ya mwaka 1846 hadi 1847, huko Weyerbusch, aliwakusanya wenye uwezo wakanunua nafaka na kuwaokea maskini mkate. Baadaye aliwaomba matajiri wadhamini mikopo ya wakulima walionyonywa na wakopeshaji. Kazi ilikuwa njema, ila aliona jambo ambalo halikumpendeza: matajiri huchoka, na maskini huzoea kupokea. Kwa hiyo mwaka 1864, huko Heddesdorf, aliunda chama ambacho wakopaji wenyewe ndio wanachama, kila mmoja akimdhamini mwenzake. Halmashauri ilifanya kazi bila ujira. Aliyelipwa ni mweka hesabu tu. Faida iliwekwa akiba isiyogawanywa. Kitabu chake cha 1866 alikiandika kwa msaada wa binti yake Amalie, kwa sababu macho yake yalikuwa karibu kupofuka. SACCOS zetu za leo ni wajukuu wa vyama vile.

Raiffeisen hakuacha kuamini upendo wa jirani. Alichoacha ni kudhani kwamba upendo hauhitaji daftari. Hapo ndipo mimi nilipokosea usiku ule, nikiwa na ufunguo mkononi na mtu analia mlangoni.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi kabla ya mkutano mkuu:

Chama chenu kina mfuko wa maafa? Kama kipo, ni wanachama wangapi wanaojua kiwango chake bila kumwuliza katibu?

Katika msimu uliopita, fedha zilikaa siku ngapi kati ya kufika chamani na kulipwa kwa mwanachama wa mwisho katika orodha? Katibu na asome tarehe kutoka katika daftari, si kutoka kichwani.

Mwanachama aliyeuza kahawa ng'ambo huku akidaiwa pembejeo: deni lake mlilichukuaje? Je, aliulizwa kwa nini aliuza huko?

Kila mmoja na aandike nyumbani, kwa siri yake, alivyotumia malipo ya juma la kwanza la msimu uliopita. Asilazimishwe kumsomea mtu.

Na swali kwa makatibu peke yao: usiku wa leo akija mtu aliyefiwa, fedha za malipo zikiwa sandukuni, utamwambia nini, na utampeleka kwa nani?