Kulipa Mchango wa Afya kwa Simu: Hesabu Yake na Njia Yake

Wakulima wengi, hasa wa upande wa Lokitaung, wameuliza mchango wa afya hulipwaje kwa simu, na kwa nini majirani wawili huambiwa hesabu mbalimbali. Basi somo la mwezi huu ni hilo.

Mfuko wa zamani, NHIF, ulioundwa mwaka wa 1966, umekwisha. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 kazi yake inafanywa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA. Zamani asiye na mshahara alilipa Sh. 500 kwa mwezi, awe na mali au asiwe nayo. Sasa nyumba hulipa Sh. 2.75 katika kila Sh. 100 za pato lake, wala mchango haupungui Sh. 300 kwa mwezi.

Chukua kalamu. Pato la Sh. 12,000 kwa mwezi lina mia 120. Zidisha kwa 2.75, utapata Sh. 330, kwa miezi 12 ni Sh. 3,960. Mwenye pato la Sh. 8,000 angepata Sh. 220, lakini atalipa Sh. 300, yaani Sh. 3,600 kwa mwaka. Pato lenyewe hukadiriwa kwa majibu yako juu ya nyumba, maji, choo na mali. Kwa hiyo jibu kweli, na usimwachie kijana wa dukani akujibie kwa kukisia.

Kujiandikisha hakulipiwi. Piga *147#, andika nambari ya kitambulisho chako, kisha waandikishe mke au mume na watoto. Ukiisha kujua hesabu yako, weka fedha kwa wakala wa M-Pesa, piga nambari ile ile na ufuate maagizo ya kulipa. Nambari ya siri ibonyeze mwenyewe. Hata karani wa ofisi hana haki ya kuiuliza. Mzee asiye na simu aweza kulipiwa na mwanawe aliye Kakuma au Lodwar, ila iangaliwe sana kwamba kitambulisho kilichoandikwa ni cha mzee, si cha mwana.

Jambo gumu ni kwamba asiye na mshahara hutakiwa kulipa mwaka mzima kwa mara moja. Mwaka wa 2025 ilianzishwa njia iitwayo Lipa SHA Pole Pole, lakini huo ni mkopo, si punguzo. Mimi naona yafaa zaidi kulipa mtama ukiisha kuuzwa, au kutenga mbuzi mmoja kwa kazi hiyo. Anayengoja ugonjwa hutafuta fedha za mwaka mzima siku ile ile anayohitaji nauli ya kumpeleka mgonjwa Lodwar.

Aliyejiandikisha bila kulipa bado hutibiwa bure katika zahanati na vituo vya afya vya Serikali. Kulazwa hospitali ndiko kunakotaka mchango uliolipwa. Ujumbe wa malipo usiufute, na tarehe yake iandike katika daftari la shamba, maana mwaka ujao utalipa tena kabla ya siku hiyo.