Oili Inatoka kwenye Briza ya Lori Lako: Fanya Nini Kabla ya Kubadilisha Bomba

Kama una Fuso ya zamani inayobeba pamba kutoka maghala ya AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) za Nkoma, mkoani Simiyu, kwenda viwanda vya kuchambulia, huenda umeona kijibomba kando ya injini kikidondosha oili nyeusi, na moshi mwembamba ukitoka hapo lori likinguruma bila kutembea. Fundi mmoja atakwambia ukizibe. Mwingine atataka kurefusha bomba, na wa tatu atataka kufunga kopo la kukusanya oili. Kuziba usikubali kamwe. Hayo mengine mawili yanafaa, ila yakifuata utaratibu.

Kijibomba hicho ndicho briza, pua ya injini. Pistoni huvishwa ringi, yaani vyuma vya duara vinavyoziba nafasi kati yake na ukuta wa silinda. Hata ringi zikiwa mpya, sehemu ndogo ya gesi inayoungua hupenya na kushuka chini kwenye chumba cha krenki, mahali oili inapokaa. Huko gesi huchanganyika na ukungu wa oili, na lazima ipate pa kutokea. Ikikosa njia, itasukuma sili za mbele na nyuma ya krenki mpaka zivuje, au iirushe dipstiki, kijiti cha kupimia oili, kutoka kwenye tundu lake.

Injini yenye turbo huumia zaidi. Oili inayolainisha turbo hurudi kwenye sampu, chombo cha oili chini ya injini, kwa kuteremka yenyewe. Chumba cha krenki kikijaa gesi, oili hiyo hushindwa kushuka, hujaa ndani ya turbo na kuvuja, na silensa ikaanza kutoa moshi wa bluu. Ndiyo maana nakusihi usinunue turbo nyingine kabla briza haijafunguliwa na kukaguliwa.

Je, oili kutoka kwenye briza ni ugonjwa? Unyevu kidogo ni kawaida. Oili ikidondoka mfululizo, tafuta chanzo kwanza, na anza na kisichogharimu kitu. Simamisha lori mahali tambarare, zima injini, subiri kama dakika kumi, kisha tazama dipstiki. Oili ikipita alama ya juu, krenki huichapa na kuifanya ukungu mwingi. Ipunguze, na huenda tatizo likaishia hapo.

Hatua ya pili ni kusafisha. Fungua bomba la briza na, kama upo, wavu wake ndani ya mfuniko wa juu wa injini, ule mafundi wanaouita tapeti kava. Osha kwa dizeli, kausha vizuri, rudisha. Gharama yake ni lita moja au mbili za dizeli na ujira wa fundi. Kwa vumbi la barabara zetu za vijijini, kazi hii ifanyike kila unapobadilisha oili.

Kisha pima nguvu ya gesi. Injini ikiwa imepata moto na inanguruma taratibu, fungua kifuniko cha kujazia oili, kigeuze na kukiweka juu ya tundu lake bila kukikaza. Kikitikisika kidogo, usiogope. Kikirushwa, au moshi ukitoka kwa kishindo, gesi inayopenya ni nyingi mno. Kaa mbali na feni na mkanda, na mwenye sigara asisogee. Jaribio hili linatoa fununu tu. Jibu la uhakika hutolewa na kipimo cha mgandamizo wa kila silinda, ambacho gereji yenye vifaa itakufanyia.

Kwa lori la breki za upepo, muulize fundi pia kuhusu kompresa, pampu ya upepo huo. Ikichoka, nayo huvujisha upepo ndani ya injini. Magurudumu yakiwa yamewekewa magogo na upepo wote umetolewa, fundi afungue bomba linalotoa upepo kwenye kompresa, kisha awashe injini. Kama sasa kifuniko cha oili kilichogeuzwa kinatulia, umempata mhalifu, na kukarabati kompresa ni nafuu kuliko kufungua injini nzima.

Ikithibitika ringi au silinda zimekwisha, kopo na bomba vitahamisha oili tu, havitaponya injini. Hapo weka akiba ya ovahoo, yaani kufungua injini na kuitengeneza upya, na usiingie msimu wa pamba ukitegemea kopo.

Sasa tuje kwenye mabadiliko yenyewe. Injini nyingi za zamani zina briza ya wazi, inayotoa gesi nje chini ya lori. Nyingine zina briza inayorudisha gesi kwenye njia ya hewa, kati ya kichujio cha hewa na turbo. Kama lori lako ni jipya, lenye kompyuta na vihisi vya injini, usiguse mfumo huu bila fundi anayeujua, kwa kuwa unaweza kuvuruga vipimo na kupoteza dhamana.

Kwa injini ya zamani, nunua mpira unaostahimili oili na joto. Mpira wa maji hulainika na kujikunja. Upana wa ndani usipungue ule wa tundu la briza. Bomba literemke moja kwa moja hadi kwenye kopo, bila kupinda kama bakuli, maana oili na maji vikituama hapo, gesi imezibwa. Kopo la bati nene lichomelewe kwa fundi wa kulehemu, liwe na tundu pana la kutolea gesi juu na koki ya kumwagia chini, na lifungwe mbali na manifoldi ya moshi. Bei ya mpira, kopo na ujira uliza kila kimoja peke yake, katika maduka na gereji zaidi ya moja za Bariadi, kabla kazi haijaanza.

Ukiondoa bomba lililokuwa likiingia kwenye njia ya hewa, tundu lililobaki lazima lizibwe kwa kizibo imara chenye krampu. Hapa ndipo injini nyingi zinaweza kuuawa. Tundu hilo liko baada ya kichujio, kwa hiyo likiachwa wazi, injini itavuta vumbi la barabarani likiwa halijachujwa, na vumbi litasaga ringi na silinda.

Kuna hatari moja ambayo kila dereva aijue. Injini iliyochoka yenye briza inayorudi kwenye njia ya hewa inaweza kuvuta oili yake na kuiunguza. Hupandisha kasi yenyewe na haizimiki kwa swichi, kwa kuwa swichi hukata dizeli, haikati oili. Tia gia kubwa, kanyaga breki kwa nguvu zote, kisha achia klachi ghafla izimike. Au ziba mdomo wa hewa kwa ubao imara, kamwe si kwa mkono wala nguo. Ikishindikana ndani ya sekunde chache, waondoe watu na ukimbilie mbali.

Fungua koki ya kopo kila wiki wakati wa msimu na uandike kiasi unachokuta. Kikiongezeka wiki hadi wiki, rudi kwenye kipimo cha silinda. Usiirudishe oili hiyo kwenye injini, na usiimwage shambani, kisimani wala mtoni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza uchafuzi huo. Ihifadhi kwenye dumu lenye kifuniko na uulize gereji kubwa kama inapokea oili chafu.