Dueli: Heshima Iliyogharimu Uhai



Nikifundisha wanafunzi somo la upatanisho, huwa naanza na dueli. Hili lilikuwa pambano la watu wawili kwa silaha, siku na mahali vikishapangwa, eti kulinda heshima. Zamani huko Ulaya na Marekani, bwana mkubwa aliyekataa kupigana aliitwa mwoga.

Chukua Alexander Hamilton na Aaron Burr. Mwaka 1804 gazeti lilichapisha barua iliyodai kwamba Hamilton alimsema Burr vibaya. Burr, Makamu wa Rais wa Marekani wakati huo, akataka maelezo. Barua zikaenda na kurudi kwa mikono ya wasaidizi wao, hasira ikazidi. Tarehe 4 Julai wote wawili walikuwa kwenye karamu moja jijini New York. Tarehe 11 wakakutana Weehawken, New Jersey, na bastola. Hamilton alifariki kesho yake, akaacha mjane na watoto saba. Mwanawe Philip alishakufa kwa dueli mwaka 1801.

Hapo nawauliza wanafunzi: nani angeweza kuzuia kifo hiki, na lini? Jamani, siku saba kabla walikuwa ukumbi mmoja!

Kanisa halikunyamaza. Mwaka 1563 Mtaguso wa Trento uliwatenga waliopigana dueli, na wasaidizi wao pia. Papa Leo XIII alikemea tena mwaka 1891. Na ni kweli: risasi haionyeshi nani ana haki, inaonyesha tu nani ana shabaha.

Leo hatuna bastola, tuna simu. Lakini mwendo ni uleule: neno la kusikia, maneno makali kwenye kundi, marafiki wanaochochea. Yesu anatupa njia nyingine (Mt 18:15-16):

1. Mfuate mwenyewe, mkiwa wawili tu.
2. Uliza kabla ya kulaumu: "Nimesikia hivi, ni kweli?"
3. Ikishindikana, tafuta mtu mmoja au wawili wapenda amani.

Na wewe unayesambaza maneno ya ugomvi wa wenzako, kumbuka Trento: msaidizi naye alihesabiwa.

Soma pia Mt 5:23-24. Kisha jiulize: kuna mtu ninayepaswa kumfuata kabla ya Misa ya Jumapili hii? Usingoje aanze yeye.

Ee Bwana, utupe moyo wa kutangulia kupatana. Amina.